Zikabaki Mbili

Kitabu cha akiba kilikuwa ndani ya debe la uwele,
kimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na ukurasa wa mwisho, kwa wino wa karani wa Kibaigwa:
510,510.
Chilewa aliisoma, akarudia,
akidhani karani alipatwa na kigugumizi.

Matanga tuliyaanua jana yake.
Tulikuwa wanne mkekani: Chilewa, Mdachi, Nyemo,
na mimi wa mizani, nipimaye malori ya mahindi sokoni,
nizijuaye namba kwa uzito kabla ya maana.
"Gawa," wakaniambia.
Nikagawa kwa nne, kwa chaki, juu ya mlango wa ghala:
127,627 kila mmoja.
Zikabaki mbili.

Shilingi mbili! Nyemo alicheka hadi kanga ikamdondoka.
Hainunui kiberiti, hainunui hata njiti.
Mdachi akasema tuwatupie kuku.
Lakini mimi, namba ikinikatalia, silali.

Usiku, kwa mwanga wa simu, nikaivunja.
Nusu yake 255,255: mtoto kairithi kigugumizi.
Kwa tatu ikakubali. Kwa tano.
Kwa saba, ambayo siku zote ina kiburi.
Kwa kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba,
na hapo ikaisha, ikabaki moja, mfupa mweupe.
Namba tasa saba za mwanzo, hakuna iliyorukwa,
na kila moja imeingia mara moja tu,
hakuna aliyerudi jikoni kuongeza sahani.
Ndiyo maana nne haipiti:
nne hudai mbili mara mbili,
na humu mbili ni mpweke.

Majirani zake nao nikawapima.
510,509 haifungui mlango mpaka abishe sitini na moja.
510,511 humfungulia kumi na tisa.
Ukuta kwa ukuta, na hawasalimiani.

Kisha nikazitenga zile saba mafungu mawili.
Mbili, tatu, saba na kumi na saba, zidisha: 714.
Tano, kumi na moja, kumi na tatu: 715.
Nyumba mbili, hatua moja kati yake,
zikizidishwa ndiyo akiba yote ya baba.
Na ukizijumlisha badala ya kuzizidisha,
fungu hili ishirini na tisa,
fungu lile ishirini na tisa.
Nikazima simu. Nikakaa gizani.

Tasa, tunaziita. Neno baya.
Mama aliitwa hivyo miaka sita kabla ya Chilewa;
mawifi walilitamka wakipepeta, kwa sauti ya kutosha.
Miaka hiyohiyo baba alikuwa kibarua wa reli, Manyoni.

Asubuhi basi la Singida likashusha mwanamke
mwenye paji la baba na galoni ya asali ya Itigi.
Felista. Amemzidi Chilewa miaka mitatu.
Hakudai kitu. Aliomba kuonyeshwa kaburi,
akasema samahani, habari ilichelewa kumfikia.
Mama alimtazama mpaka chai ikafurika mekoni,
ndipo akamsogezea kigoda.

Sikutumwa. Nilichukua chaki mwenyewe.
Kwa tano: 102,102. Hakikubaki kitu.
"Umeona?" Mdachi akaruka. "Namba imemtambua!"
Nikamwambia haijamtambua mtu.
Hata saba ingewakubali, hata kumi na watatu;
kesho likisimama basi jingine usiniletee chaki.
Namba haitoi ushahidi, ndugu yangu.
Inajua kupasuka tu, na mahali pa kupasukia.
Wa kumtambua ni sisi.

Kimya.
Felista alikuwa anafuta chai iliyomwagika,
kwa kitambaa alichokipata bila kuuliza kilipo.

Na mama, hakugeuka, anapuliza moto:
"Mimi je? Mmenitupa kwa kuku?"

Kwa sita, basi.
85,085.
Haikubaki hata njiti.